Kulabu za Ukutani: Somo la Uhunzi kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika ziara moja ya kukagua mazoezi ya kufundisha, tuliingia katika karakana ya shule ya msingi ambayo zana zake zote zilikuwa ndani ya sanduku moja la mbao. Nyundo, tupa, misumeno, patasi na bisibisi zililala humo pamoja kama kuni. Tupa zilikuwa zimekwisha makali kwa kusuguana na nyundo, na meno ya misumeno yalikuwa yamelala. Mwanafunzi aliyetumwa kuleta nyundo alitumbukiza mkono sandukuni, akautoa ukiwa unatoka damu, kwa maana patasi ilikuwa imemkata kidole. Kipindi kilipokwisha, bisibisi mbili hazikuonekana. Mwalimu mwanafunzi, akiwa hajui njia nyingine, aliwapanga watoto mstari na kuanza kupekua mifuko yao. Bisibisi hizo zilipatikana siku ya pili, chini ya takataka za sanduku lile lile. Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani wakishukiwa wizi ambao haukutendeka.

Twaeleza kisa hiki si kwa ajili ya kumlaumu mwalimu yule. Hakuna aliyemfundisha kwamba karakana isiyo na mahali pa kila zana hulea mambo matatu: zana mbovu, mikono yenye majeraha, na kutoaminiana. Dawa yake ni ndogo, nayo yaweza kutengenezwa na wanafunzi wenyewe: kulabu za chuma zilizopigiliwa ukutani. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuifanya kazi hiyo iwe somo kamili.

Twasema somo kamili kwa sababu. Mwaka 1967, Mwalimu Julius K. Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi na mafunzo yawe kitu kimoja, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi wanayoifanya. Hata hivyo, shule kadhaa zililipokea wazo hilo kwa jembe peke yake: watoto walilima, lakini hawakuulizwa kwa nini mstari huu ulistawi na ule ukafa. Kazi isiyoulizwa maswali ni kibarua tu. Kulabu, tofauti na hivyo, huuliza maswali yenyewe. Ikining'inizwa mzigo, ama huhimili ama hufunguka, wala haijali ni nani aliyeifua. Hiyo ndiyo hoja yetu kuu: mwalimu wa ufundi na atafute kazi ambayo itasahihishwa na matumizi yake, kabla ya kusahihishwa na kalamu nyekundu.

Ujuzi uliotutangulia

Mwalimu asilianze somo hili kana kwamba uhunzi ni elimu ngeni iliyoletwa na vitabu. Huko Ufipa zilijengwa tanuri za udongo ziitwazo malungu, ndefu kupita kimo cha mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Upareni, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi ya uhunzi. Mwaka 1978, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wakaeleza kwamba mafundi wa sehemu hizo waliweza kupata chuma cha pua miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Mambo haya yana matumizi darasani. Mwalimu mwanafunzi ambaye hajapata kufua chuma asijifanye fundi mbele ya watoto. Na aende kwanza kwa mhunzi wa jirani, apige hodi, aeleze haja yake, akae na kutazama, kisha aombe kushika nyundo. Baadaye amwalike mzee huyo shuleni, naye mwalimu aketi pamoja na wanafunzi wake. Heshima ya mwalimu haipungui kwa kuonekana akijifunza. Hupungua anapofundisha asichokijua na chuma kikamwumbua. Inafaa pia shule imrudishie mhunzi hisani yake, hata kwa mfuko wa mkaa.

Jambo moja lahitaji busara. Katika baadhi ya jamii, kazi ya kuyeyusha chuma iliwekewa miiko iliyowatenga wanawake. Mwalimu aulize na kusikiliza kwa adabu, lakini katika karakana ya shule wasichana na wavulana watavukuta, watapima na watafua kwa zamu zilizo sawa.

Matayarisho ya mwalimu

Mahali. Kazi ifanyike katika banda lenye paa lililo wazi pande zote. Paa ni la lazima kwa sababu rangi ya chuma cha moto huonekana vizuri kivulini, na juani chuma chenye joto kali huonekana kama kimepoa. Uwazi nao ni wa lazima kwa sababu mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Jiko. Shimo dogo la matofali yaliyokandikwa udongo, au rimu kuukuu ya gari iliyotandikwa udongo ndani, latosha. Hewa huingizwa kwa bomba la chuma kutoka kwenye mivukuto ya ngozi, au kutoka kwenye feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, kama wafanyavyo mafundi wengi.

Fuawe. Kipande kizito cha ekseli ya lori kilichozamishwa katika gogo chafaa sana; jiwe gumu lenye uso bapa pia hufaa kwa kuanzia. Vipande vya reli visinunuliwe mitaani. Reli ni mali ya umma, na shule haiwezi kufundisha uaminifu juu ya fuawe ya wizi.

Zana. Nyundo mbili zenye uzito wa gramu 800 hadi kilo 1, koleo ndefu mbili, msumeno wa chuma, tindo, tupa, jiliwa, keekee ya mkono yenye ncha ya milimita 5, na gongo la chuma la mviringo lenye kipenyo cha milimita 40.

Chuma. Nondo ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 8, laini isiyo na mapindo ikipatikana. Mabomba na vyuma vilivyopakwa zinki visiingie motoni kamwe, kwa kuwa moshi wa zinki huleta homa na kubana kifua. Vyuma vyenye rangi ya mafuta navyo viachwe.

Usalama

Sheria za usalama ziwe chache, zielezwe sababu zake, na zisivunjwe na yeyote, mwalimu akiwamo.

Kwanza, chuma cheusi si chuma baridi. Nondo ikipoteza wekundu wake bado yaweza kuchuna ngozi ya kiganja. Kila kipande kilicho upande wa jiko kihesabiwe kuwa cha moto, na vipande vilivyokwisha kufuliwa vilazwe katika karai la mchanga ambalo mwalimu peke yake ndiye atoaye kitu.

Pili, mavazi yawe ya pamba, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kuganda mwilini. Viatu viwe vya kufunika vidole. Mwenye malapa atafanya kazi ya kupima na kuchora siku hiyo. Anayefua na aliye karibu naye wavae miwani ya kukinga macho, kwa maana magamba ya chuma huruka.

Tatu, mbele ya jiko wasimame wanafunzi wawili tu. Wengine wakae nyuma ya mstari uliochorwa chini, hatua tatu kutoka kwenye fuawe.

Nne, ziwepo daima ndoo ya maji safi na ndoo ya mchanga. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe mafuta, dawa ya meno wala majivu. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja chake, au likiwa usoni, mkononi au penye kiungo, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kengele.

Hesabu ya nondo

Somo la kwanza lifanyike darasani, bila moto. Mwalimu achore kulabu ubaoni kwa kipimo kamili, kisha aulize: Tukate nondo ya urefu gani? Wanafunzi wengi watapima kulabu kwa mstari ulionyoka kutoka juu hadi chini. Watakosea, na ni vema wakosee kwenye karatasi kabla ya kukosea kwenye chuma. Kulabu yetu ina sehemu nne:

(a) Bapa la kupigilia. Kipande cha nondo cha milimita 60 kitapigwa kiwe bapa. Nondo ya milimita 8 ina eneo la mkato la milimita za mraba 50. Tukiibapa iwe na upana wa milimita 16 na unene wa milimita 3, eneo huwa milimita za mraba 48. Chuma hakikupotea, bali kimehama. Kwa hiyo urefu huongezeka kidogo tu, kufikia karibu milimita 63.

(b) Shina. Milimita 40 zilizonyoka, zisizopigwa.

(c) Kona. Ni nusu ya duara. Nusukipenyo cha ndani ni milimita 20, lakini urefu hupimwa katikati ya unene wa nondo, yaani kwa nusukipenyo cha milimita 24. Hivyo 3.14 × 24 ni karibu milimita 75.

(d) Ncha. Hapa pana ajabu ambayo watoto huipenda. Ujazo wa pia ni theluthi moja ya ujazo wa mcheduara wenye kitako na kimo kile kile. Basi nondo ikichongwa kwa nyundo mpaka iwe ncha, hurefuka mara tatu. Ili kupata ncha ya milimita 45 twahitaji milimita 15 tu za nondo.

Jumla ni 60 + 40 + 75 + 15, yaani milimita 190. Tunaongeza milimita 10 za tahadhari, kwa sababu moto hula chuma kwa magamba na tupa nayo hula. Basi kila kulabu yahitaji milimita 200. Nondo ya kipenyo hiki ina uzito wa gramu 395 kwa kila mita, kwa hiyo kulabu moja ina gramu 79.

Mwalimu amalizie kwa swali hili: Nondo ya mita 12 itatoa vipande vingapi? Wepesi watajibu 60. Lakini msumeno nao hula chuma, karibu milimita 1 kwa kila mkato. Vipande kamili ni 59, na cha mwisho kina milimita 141 tu. Mwanafunzi aliyeligundua hilo mwenyewe amejifunza tofauti kati ya kugawanya namba na kugawanya kitu.

Hatua za kufua

Kwa wanafunzi wa umri huu, ugumu mkubwa si nyundo bali koleo. Kipande kifupi huteleza, na kikiteleza kikiwa chekundu huwa hatari. Kwa hiyo kulabu ifuliwe mwishoni mwa nondo yenye urefu wa milimita 600, ambayo mwanafunzi huishika kwa mkono upande wa baridi, na ikatwe baadaye. Upande huo ukianza kupata vuguvugu, nondo hiyo ipumzishwe na nyingine ichukuliwe. Kipande kitakachobaki kikiwa kifupi kishikwe kwa koleo, na apewe mwanafunzi aliyekwisha kuzoea.

Hatua ya 1: Kutia alama. Alama ya chaki hufutika motoni. Vipigwe vitone vidogo kwa tindo, penye milimita 15, 90, 130 na 200 kutoka mwishoni. Vitone viwe hafifu, kwa maana mkato mkubwa ni mwanzo wa ufa.

Hatua ya 2: Kupasha moto. Ncha ya nondo izikwe ndani ya makaa yaliyoshika vizuri, isiwekwe juu yake. Wanafunzi wafundishwe kusoma rangi. Wekundu wa kiza ni joto dogo mno. Rangi ya chungwa, karibu nyuzi 950 za Sentigredi, ndiyo ya kuanzia kazi. Manjano ni nzuri zaidi kwa kuchonga ncha. Chuma kikiwa cheupe na kutoa cheche kimeanza kuungua, wala hakiponi: sehemu hiyo ikatwe na kutupwa. Wekundu ukikaribia kwisha, nyundo isimame na nondo irudi motoni. Chuma kinachopigwa kikiwa kimepoa hupata nyufa zisizoonekana.

Hatua ya 3: Kuchonga ncha. Nondo ilazwe juu ya fuawe kwa mteremko mdogo, ipigwe na kuzungushwa robo mzunguko kila baada ya mapigo mawili. Ncha ianze kwa kuwa mraba, kisha pembe zipigwe iwe na pande nane, na mwisho iwe mviringo. Mwenye haraka ataanza na mviringo moja kwa moja, na ncha yake itapasuka katikati kama ufagio.

Hatua ya 4: Kukunja kijipete. Nusu ya ncha ipindwe kuelekea nje iwe pete ndogo. Hili si pambo. Kulabu yenye ncha kali iliyo usawa wa macho ya mtoto ni mkuki ulioning'inizwa ukutani.

Hatua ya 5: Kukunja kona. Sehemu iliyo kati ya alama ya milimita 15 na ile ya 90 ipashwe moto kwa usawa, kisha ikunjwe kuzunguka gongo la milimita 40 lililobanwa kwenye jiliwa. Kijipete kitazame nje, mbali na shina. Mapigo yawe mepesi, yatue nondo inapokuwa bado haijagusa gongo. Tukiipiga nondo mahali ilipokwisha kulala juu ya gongo, hatuikunji bali tunaiponda.

Hatua ya 6: Kukata. Kulabu ipoe mchangani, kisha ikatwe kwa msumeno kwenye alama ya 200. Isitumbukizwe majini ikiwa nyekundu. Nondo za madukani hutofautiana, na baadhi yake zikipozwa ghafla huwa ngumu na kuvunjika kwa urahisi.

Hatua ya 7: Kubapa. Sasa kulabu ishikwe kwa koleo penye kona, na sehemu iliyo juu ya alama ya 130 ipashwe moto na kubapwa. Mwisho, mgongo wa bapa na wa shina ulazwe juu ya fuawe na kunyoshwa pamoja, ili kulabu ilale barabara ukutani.

Hatua ya 8: Kutoboa na kumaliza. Kulabu ikiwa imepoa kabisa, bapa libanwe kwenye jiliwa na kutobolewa matundu mawili, moja karibu na ncha ya juu na jingine milimita 40 chini yake. Kingo zipigwe tupa. Kisha kulabu ipashwe joto dogo lisilo na wekundu na kupakwa nta ya nyuki kwa kitambaa, ili kutu isishike. Shule zilizo pwani zirudie kupaka nta kila muhula, kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Mpango wa darasa

Darasa la wanafunzi 40 haliwezi kusimama mbele ya jiko moja. Tunapendekeza makundi matano ya wanafunzi wanane, na vituo vitano: kupima na kukata, kufua, kupiga tupa na kutoboa, kutengeneza ubao wa kutundikia, na kuandika kumbukumbu pamoja na hesabu. Kila juma makundi yabadilishane vituo. Katika vipindi viwili vilivyounganishwa vya dakika 40, jozi nne za kituo cha kufua zitapata dakika 20 kila moja. Mmoja avukute na kutangaza rangi ya chuma, mwenzake afue. Baada ya kila joto wabadilishane. Ili vituo vyote viwe na kazi tangu juma la kwanza, mwalimu na mhunzi watangulie kufua kulabu chache za mfano, ambazo makundi mengine yataanza kuzipima, kuzipiga tupa na kuzijaribu.

Katika mzunguko wa kwanza wa majuma matano, kila jozi ifanye hatua ya 1 hadi ya 6. Katika mzunguko wa pili ifanye hatua ya 7 na ya 8. Baada ya majuma kumi shule itakuwa na kulabu 20. Mwalimu asiondoke kituo cha kufua hata kwa dakika moja. Viongozi wa makundi mengine wapewe maagizo yaliyoandikwa, ili wasimwite kila mara.

Kusahihisha kwa mzigo

Kabla ya kupigiliwa ukutani, kila kulabu ijaribiwe. Ifungwe kwenye boriti imara, upana wa mdomo wake upimwe, kisha itundikwe ndoo yenye maji lita 10, ambayo ni kilo 10 pasipo kuhesabu ndoo yenyewe. Kitako cha ndoo kiwe kimo cha kiganja kutoka chini, ili ikianguka isimdhuru mtu. Kesho yake ndoo iondolewe na mdomo upimwe tena. Ukiwa umebadilika kwa zaidi ya milimita 1, kulabu haijafaulu. Iliyofuliwa vizuri haitabadilika hata kidogo.

Kulabu iliyoshindwa ni zana bora ya kufundishia kuliko iliyofaulu. Mwalimu asiseme kosa liko wapi, aulize.

Mwalimu: Mdomo umefunguka kwa kiasi gani?
Mwanafunzi: Milimita tisa, mwalimu. Ulikuwa arobaini, sasa ni arobaini na tisa.
Mwalimu: Umefungukia wapi?
Mwanafunzi: Hapa, kwenye kona. Pamekuwa pembamba.
Mwalimu: Nondo iliingia motoni ikiwa na unene sawa. Wembamba umetoka wapi?
Mwanafunzi: Tulipiga juu ya gongo mara nyingi, mwalimu. Tulidhani haijakunjika.
Mwalimu: Pimeni unene wa hapo.
Mwanafunzi: Milimita nne.
Mwalimu: Ni nusu. Je, nguvu nayo ni nusu?

Hapo ndipo penye kiini cha somo. Nguvu ya nondo ya mviringo katika kustahimili kukunjwa hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Unene ukipungua kuwa nusu, nguvu haibaki nusu. Hubaki sehemu moja ya nane. Mwanafunzi aliyeona ndoo yake chini hatalisahau jambo hilo, wala hatahitaji kuambiwa kuwa hakuwa makini. Jozi hiyo ipewe nondo nyingine siku nyingine, bila kuchekwa. Kulabu iliyoshindwa itundikwe kwa uzi kando ya ubao, na maelezo ya kosa lake yaandikwe chini yake pasipo majina ya waliofua.

Ukuta na ubao

Kulabu nzuri juu ya ukuta mbaya ni kazi bure. Msumari haushiki katika tofali la udongo wala katika lipu inayobomoka. Kwa hiyo kulabu zikazwe kwa skrubu kwenye ubao wenye unene wa milimita 25, nao ubao ufungwe kwenye nguzo za jengo, au kwenye vigingi vya mbao ngumu vilivyopigiliwa ndani ya matundu ya ukuta. Wanafunzi waelezwe kwa nini tundu moja liko juu: mzigo unapoivuta kulabu chini, sehemu ya juu ya bapa hujitahidi kutoka, na sehemu ya chini husukuma ukuta. Skrubu ya juu ndiyo inayoshika.

Zana nzito, kama majembe na nyundo kubwa, zitundikwe chini, na nyepesi juu, zote pasipozidi urefu wa mkono wa mwanafunzi mfupi kuliko wote. Kisha kila zana itundikwe mahali pake, izungushwe kalamu ya risasi, na kivuli chake kipakwe rangi ubaoni. Kipindi kinapokwisha, darasa zima litazame ukuta. Kivuli kisichofunikwa husema ni zana gani haijarudi, na kundi lililoitumia litaitafuta papo hapo.

Hitimisho

Wako wanachuo watakaosema kwamba shule watakazopangiwa hazina jiko, fuawe wala nondo. Kwa wengi wao itakuwa kweli. Lakini jiko ni udongo na rimu kuukuu, fuawe yaweza kuwa jiwe, na mhunzi yuko karibu kuliko wanavyodhani. Lisilopatikana kwa urahisi ni mwalimu anayeuliza swali na kungoja jibu la chuma.

Tukirudi kwenye karakana ya mwanzo wa makala haya, ukuta wenye vivuli ungaliwapo, bisibisi mbili zingalionekana hazipo kabla kengele haijalia, na hapana mtoto ambaye angalipekuliwa mfuko wake.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Andaa somo la dakika 40 la kukokotoa urefu wa nondo ya kulabu ambayo nusukipenyo cha ndani cha kona yake ni milimita 30. Orodhesha makosa matatu unayoyatazamia kutoka kwa wanafunzi.

2. Mtembelee mhunzi aliye karibu na chuo. Andika hatua za kazi moja uliyoiona, kisha msomee ulichokiandika ili akusahihishe.

3. Fua kulabu mbili wewe mwenyewe na uzijaribu kwa ndoo ya maji. Eleza kwa aya moja kosa lako la kwanza, na swali ambalo lingemwezesha mwanafunzi kuligundua.

4. Chora mpango wa ukuta wa karakana yenye zana 20. Toa sababu ya mahali pa kila zana.